Jumanne na Alhamisi zangu zina wenyewe

Nilistaafu unesi mwaka 2012 nilipofikisha miaka 60, nikarudi kihambani kwetu Machame. Mume wangu alikuwa ameshalala katika Bwana, watoto wako Dar es Salaam. Miezi ya mwanzo nilikuwa nalipa deni la usingizi wa zamu za usiku. Deni likaisha, ikabaki baraza.

Wastaafu wenzangu watanielewa nikisema nilichoka kwa kutofanya kazi. Chai, baraza, magoti yanauma, chakula, baraza tena. Jioni nawapigia watoto, na wasipopokea nanuna. Ibada sikukosa hata Jumapili moja, ila nilikwenda kukaa tu. Katika maombi yangu niliomba pumziko, na Mungu alikuwa ameshanipa hilo pumziko hadi likanishinda.

Siku moja mwinjilisti wetu, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, alisimama uani.

“Shikamoo mama. Kuna bibi kule chini ya mfereji, mwezi mzima hajaonekana ibadani. Wewe ni nesi, ungempitia.”

Nilitaka kumwambia nimestaafu. Nikaona aibu.

Nilimkuta yule bibi amelala chali kwenye godoro lililobonyea, upande mmoja umepooza, anahudumiwa na mjukuu wa darasa la sita. Chini ya mgongo alikuwa na kidonda cha kulala, bado kibichi. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe, nikamsafisha pole pole. Binti nilimfundisha: bibi ageuzwe kila baada ya saa mbili, shuka ivutwe isiwe na mikunjo, kanga iliyokunjwa iwekwe chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mchana binti akiwa shuleni, jirani ashike zamu. Na zahanati wakaone kile kidonda, kwa sababu maombi hayachukui nafasi ya dawa.

Kisha nikafungua Zaburi ya 92. Nilipofika karibu na mwisho nikasikia sauti kutoka kitandani ikienda pamoja nami: “Watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi.” Kiharusi kilikuwa kimemharibia matamshi, lakini hilo neno utomvu lilitoka safi kabisa. Mtu aliyekata migomba maisha yake yote hahitaji mhubiri wa kumweleza utomvu. Ukishika nguo, hautoki.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, “Lini tena?”

Swali hilo ndilo lililoniamsha Alhamisi. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyekuwa ananisubiri mahali popote. Nikaongeza nyumba ya pili, ya tatu, hadi zikafika tano. Natembea na fimbo, mfuko una Biblia, mashine ya presha na daftari la majina. Masika naacha njia za mteremko, maana utelezi wa huku ukinivunja nyonga nitakuwa mgonjwa wa kutembelewa. Na kamati nimezikataa. Wazee wengi kanisani tunapewa vikao, na sioni kama kikao kinamwamsha mtu asubuhi.

Wahubiri wetu wakitaka kututia moyo humleta Kalebu, aliyeomba mlima akiwa na miaka 85. Nampenda Kalebu, hasa sisi tunaoishi mlimani, lakini nguvu zake sina. Wa kwangu ni Ana wa Luka sura ya pili, mjane wa miaka 84 asiyeondoka hekaluni. Alikuwepo tu, kila siku, na siku mtoto Yesu alipoletwa akamkuta yupo.

Kuna mwaka niliugua wiki mbili, na mzee mmoja wa zile nyumba tano akafariki kabla sijarudi. Nililia sana. Nilipomweleza bibi wa chini ya mfereji, aliniomba daftari. Akasema yeye hawezi kutembea, ila usiku hana usingizi, kwa hiyo nimwachie yale majina ayaombee. Tangu hapo mjukuu wake humnakilia orodha.

Mwezi uliopita akaniita karibu, akanipa mayai sita kwenye kikapu. Kuku ni wake. Alitaka yaende kwenye mnada wa sadaka kanisani, kama wenzake wanavyopeleka ndizi na maziwa. Jumapili baada ya ibada nikayaweka mezani pale nje, nikamwambia mnadi yametoka kwa nani. Wa kwanza akayanunua, akayarudisha. Wa pili hivyo hivyo. Yakauzwa mara nne, na wa nne naye akataka arudishiwe bibi mwenyewe ale.

Jumanne nikampelekea mayai na habari. Aliniuliza kila mnunuzi kwa jina na kila mmoja alitoa kiasi gani, akanituma nirudie toka mwanzo. Halafu akamwambia mjukuu alete kalamu, hayo majina manne yaingie daftarini.