Ya nini ushuke Tanga wakati uko Pasua?

Jumamosi mchana binti wa dada yangu, yuko form two, kanijia na daftari la hesabu kanuna kweli, "anko hapa nimepewa pointi moja na gredienti tu, sasa c naitoa wapi?" Nikacheka maana hilo swali na mimi lilinitesa, enzi zetu y = mx + c (m ni gredienti, yaani mteremko wa laini, c ni pale laini inapokata mhimili wa y) tuliikariri kama sala.

Nikamwambia funga daftari. Hapa Pasua, Moshi, chini ya Kilimanjaro, tuko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na joto muda ule simu ilisema nyuzi 30, hiyo ndo pointi yetu, (0.8, 30), kilometa kwanza, ndo x, halafu joto, ndo y. Gredienti tunayo pia, ukipanda kilometa moja hewa inapoa wastani wa nyuzi 6.5, kwa hiyo m ni -6.5. Basi popote ulipo mlimani, joto linavyopishana na la hapa ni -6.5 mara urefu uliopanda, hamna kingine:

y - 30 = -6.5(x - 0.8)

c haipo hapo. c ni joto la usawa wa bahari, sasa mtu yuko Pasua anapanda kwenda Kibosho huko mlimani, ya nini ashuke kwanza mpaka Tanga? Ukifungua mabano itakuja yenyewe.

Na kwenye mabano ndo akateleza, akapata y = -6.5x + 24.8. Sikumwambia kakosea, nikamwambia rudishia ile 0.8, ikaja 19.6, akajifuta jasho akaniangalia... "Moshi nyuzi 19 saa nane mchana anko?" Kumbe hasi mara hasi kaisahau, ni +5.2, kwa hiyo y = -6.5x + 35.2.

Tukaweka kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, kilometa 3.72, ikatoka 11. Kilele cha Uhuru, 5.895, ikatoka -3.1. Akadhani kakosea tena, nikamwambia mimi nimebeba mizigo ya wageni misimu miwili, kule chupa ya maji unaamka imekuwa jiwe, tena hiyo laini yetu ni ya mchana na ya wastani tu, usiku usiniulize.

Swali lililofuata ni pointi (2, -1), gredienti 3. Akaandika y + 1 = 3(x - 2), akafungua, y = 3x - 7, akarudishia 2 ikaja -1, mimi hata sijafungua mdomo. Halafu akaniomba bando.