Tufaha lianikwe kwanza: biskuti zangu za Idi

Nimechoka kuambiwa kwamba biskuti zenye ladha ya pai ya tufaha haziwezekani kwetu Tanga kwa sababu ya joto na unyevu. Zinawezekana. Nimezichoma mwenyewe kwa mkaa, mwezi wa Ramadhani, na Idi zikatoka sinia baada ya sinia. Ushauri niliopewa mwanzoni ulinitia hasara ya siagi kilo nzima, unga sijui kiasi gani, na wiki mbili za bure. Sitaki mwingine apite humo humo.

Hamu yenyewe niliipata Lushoto. Miaka ile nikifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni, mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani aliomba oveni yetu mwezi wa Novemba, siku yao ya kushukuru ilipofika, akaoka pai. Nikapewa kipande kikiwa bado cha moto. Juu unga umesukwa kama mkeka, ndani tufaha limelainika na uchachu wake upo, mdalasini, kungumanga, na sukari iliyoanza kuungua pembeni. Kilichonigusa ni kwamba kila ladha iliyokuwa mle ndani nilikuwa naijua. Mdalasini tunao Muheza na Amani. Kungumanga zinatoka Unguja. Tufaha lenyewe linazaa hapo hapo Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, kwenye usiku wa baridi linaoupenda. Nikaweka nia kwamba siku moja ladha ile nitaitia kwenye biskuti, kwa sababu pai haikai na wala haisafiri, lakini biskuti ya Idi unaifungia kopo ukampelekea jirani na ndugu wa mbali.

Nasema tufaha nikimaanisha lile la milimani, ambalo sokoni wengi wanaliita epo. Mzee wa Pwani ukimwambia tofaa atakumbuka lile jekundu laini, lenye maji mengi na kokwa kubwa. Hilo ni tunda zuri, ila kwa kazi hii liache.

Mara ya kwanza nilimsikiliza mwalimu wa kundi moja la mapishi la WhatsApp nililolilipia elfu kumi na kitu. Alisema: "Likune bichi, lichanganye na unga, choma." Maneno hayo tu. Nikanunua matufaha mekundu kwa machinga, mazuri, yanang'aa, nikayakuna kwa kikunio cha karoti, nikachanganya. Donge likawa zito dakika tano, kisha likaanza kulegea mikononi mwangu kama unga wa vitumbua. Nikamwuliza, akajibu, "Ongeza unga, dada." Nikaongeza. Likalegea tena. Nikaongeza tena. Nilipolitia motoni, biskuti zikatambaa zikashikana zote, trei nzima ikawa pande moja. Nilizikata kwa kisu zikiwa za moto, zikawa laini kama keki iliyokosa hamira, na ladha ya tufaha haikuwepo kabisa kwa ule unga nilioongeza. Siku ya tatu nikafungua kopo nikakuta madoa ya ukungu wa kijani. Nilizimwaga zote, na roho iliniuma, maana siagi siku hizi si kitu cha kumwaga.

Baadaye nilielewa. Katika kila gramu 100 za tufaha bichi, kama 85 ni maji. Ukilikuna umeyafungulia maji yote, na sukari inayavuta zaidi. Biskuti inataka ukavu. Kumwambia mtu aongeze unga ni kumwambia aue ladha aliyoitafuta.

Mara ya pili ilikuwa ya wifi yangu. Mkono wake wa maandazi naukubali mpaka leo, lakini hapa alinipoteza. Alisema nipike tufaha liwe jamu kwanza. Nilipika saa nzima, yale mekundu matamu yakavurugika yakawa uji, hakuna hata kipande cha kutafuna. Nikatia katikati ya biskuti. Moto ulipopanda jamu ikachemka, ikapasua unga, ikamwagika kwenye trei ikaungua na kushika kama gundi. Nililowesha trei ile usiku kucha. Hapo nikajifunza kitu kimoja cha thamani: tufaha tamu linaloyeyuka halifai. Tafuta chachu na gumu. La kijani linalotoka Afrika Kusini linafaa sana, na yale madogo ya Lushoto yenye madoadoa, ambayo watu sokoni wanayaruka kwa sura, yanafaa kuliko yote. Yangu nimeletewa na kijana Msambaa anayeshusha mboga na matunda. Nilimwambia, "Kaka, nichagulie yale yanayong'ata meno," akacheka akaniletea ndoo, kwa bei ya chini kuliko matamu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mavyaa wangu huwa anatengeneza achari ya maembe kila kaskazi. Anakata vipande, anatia chumvi na manjano, anaanika kwenye ungo juu ya bati. Asubuhi moja kabla ya mwezi kuandama nilikuwa namsaidia kugeuza vile vipande. Nikakishika kimoja: juu kikavu, ndani kinavutika kama ngozi, na ukali wa embe umekuwa mara tatu. Nikasimama pale na ungo mkononi. Nikamwambia, "Mama, na tufaha je?" Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, jua halichagui tunda."

Siku hiyo hiyo nikamenya kilo moja na nusu. Nilikata vipande vyembamba, unene wa shilingi mbili zikipangwa juu ya nyingine, nikavitupa moja kwa moja kwenye bakuli la maji yenye ndimu tatu. Bila ndimu vinakuwa vyeusi kabla hujamaliza kumenya, hewa inavikamata. Nikavichuja, nikavinyunyizia sukari kidogo na chumvi punje chache, nikavipanga kwenye ungo visigusane.

Kazi kubwa ikawa walinzi. Kunguru wa Tanga mnawajua. Juu ya ungo nikafunga kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa, nikakikaza kwa kamba chini ya ungo kama ngoma. Nyuki wakaja kwa sababu ya sukari, wakagonga chandarua wakaondoka. Sisimizi ndio walionisumbua, wakapanda kupitia ukutani, kwa hiyo nikaushusha ungo kutoka batini nikauweka juu ya stuli uani, na kila mguu wa stuli nikausimamisha ndani ya kopo la maji. Hakuna sisimizi aliyevuka. Jioni niliuingiza ndani kabla umande haujashuka, maana umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya mchana mzima.

Siku ya kwanza jua kali. Siku ya pili, alasiri, wingu likapanda kutoka baharini, zile dalili za masika kunyemelea. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia upepo umebadilika, nikakimbia na mikono ya sabuni. Tone la kwanza lilianguka nikiwa mlangoni na ungo. Siku ya tatu mchana vikawa tayari: ukikunja kipande hakivunjiki na hakitoi maji, na ukikinusa unanusa tufaha kuliko lilivyokuwa bichi. Kilo na nusu ilikuwa imebaki kitu cha kujaza vikombe viwili na kidogo. Nilionja kimoja nikakaa chini. Ule uchachu wa Lushoto ulikuwa umerudi.

Vipande hivyo unavikatakata vidogo kama njugu, unavitia kwenye sufuria yenye kijiko cha samli na sukari guru iliyopondwa. Sukari guru tafadhali msiibadilishe. Ile harufu ya sukari inayoungua pembeni ya pai, nyeupe haiitoi, guru inayo tayari. Koroga mpaka kila kipande kivae na mchanganyiko ushikamane kama halua, dakika chache tu. Mdalasini weka mwishoni, ukishaepua. Nanunua magome Muheza na kuyatwanga mwenyewe kwenye kinu, kwa sababu ule wa unga wa kopo unakuwa umekaa dukani mpaka umepoteza nguvu. Watu wa Amani wana historia na mimea; Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, na mpaka leo ukishuka kutoka huko kuna viungo vya kila aina. Kungumanga nakwangua kidogo sana, kama ncha ya kisu. Ukizidisha unasikia dawa.

Unga wa biskuti nimeutoa kwenye vileja. Kileja hakitambai kwa sababu kina unga wa mchele, usio na mnato wa ngano, nao ndio unaofanya kivunjike mdomoni. Kwa hiyo: vikombe viwili na nusu vya ngano, nusu kikombe cha mchele uliosagwa laini, siagi robo kilo, sukari kikombe kisichojaa, kiini kimoja cha yai, chumvi. Bekingi poda sitii. Maziwa sitii. Mtu akikuambia utie maziwa muulize kwanza anaishi wapi.

Na saa ya kuchoma ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mchana wetu siagi inageuka mafuta kwenye bakuli kabla hujaikanda. Halafu nilikuwa nimefunga, siwezi kuonja. Nikahamishia kazi usiku. Baada ya tarawehe nakanda, donge nalifunika nalikalisha kwenye sinia yenye barafu ya jirani mwenye friji. Saa tisa usiku, watu wakiamka kula daku, hewa imepoa, ulimi uko huru, nasukuma.

Nusu ya donge naisukuma nyembamba, napaka tufaha juu. Nusu nyingine nakata nyuzi upana wa kidole cha mwisho. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko popote. Mama yangu alinifundisha kusuka ukili nikiwa na miaka minane, na vidole havisahau. Nyanyua moja, ruka moja, pitisha, laza. Nilisuka juu ya lile tufaha mpaka likafunikwa na mkeka, kisha nikakata miduara kwa mdomo wa glasi ya chai. Kila biskuti ikatoka na kipande chake cha mkeka, na kahawia ya tufaha inachungulia katika matundu. Binti yangu alishika taa ya simu muda wote, daku lake likapoa mezani.

Nachoma kwa sufuria nzito. Chini mchanga mkavu wa vidole vitatu, juu yake mawe matatu, trei juu ya mawe, mfuniko wa bati wenye makaa. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Kujua joto, nanyunyiza unga kidogo kwenye trei tupu na kufunika. Ukibadilika rangi kabla sijahesabu mia, natoa makaa. Kwa trei yangu ni kama dakika ishirini. Usizifunue kabla ya dakika kumi hata ukisikia harufu, na utaisikia, mavyaa wangu aliisikia akiwa chumbani akatoka na kanga begani kuuliza ni nini. Zikitoka ni laini, usizishike. Ziache trei hiyo hiyo mpaka zipoe kabisa.

Ya kwanza nilimpa yeye, dakika chache kabla ya adhana ya alfajiri. Aliiuma nusu, akaiangalia ndani, akaiuma iliyobaki. Akasema, "Hiki kileja kimekwenda Lushoto kikarudi." Akaomba cha pili na adhana ikaanza, akakirudisha kwenye sinia, akakifunika kwa kawa, akasema, "Hiki changu, nitafuturia."

Nilichoma mikupuo minne kabla ya Idi, biskuti kama mia na hamsini, sikuhesabu sawasawa. Wifi yangu alichukua kopo zima na kuniuliza nilitumia jamu gani, nikampeleka uani nikamwonyesha stuli na makopo yake ya maji. Kopo moja nililificha makusudi, nimeliziba kwa karatasi na utepe, nilitaka kujua. Nililifungua siku ya nane baada ya Idi, mvua inanyesha, kuta zenyewe zimelowa. Nikaivunja moja katikati. Ilikatika ka! na makombo yakaruka mezani.