Kamisheni ya madaraja: andikeni fomula kabla ya kusaini

Chukua barua ya kazi ya muuzaji wa mabati na simenti pale Ndeeba, Kampala: "Kamisheni ni 2% hadi mauzo ya milioni 5, 4% hadi milioni 12, na 7% zaidi ya hapo." Maneno hayo yana tafsiri mbili. Akiuza milioni 15, bosi anahesabu shilingi 590,000 na muuzaji anahesabu 1,050,000, na kila mmoja ana haki kwa alivyosoma. Fanksheni ya vipande, yaani fomula yenye kanuni tofauti kwa kila daraja, inamaliza ubishi mapema.

Tuite mauzo ya mwezi m. Kama kila asilimia inagusa sehemu yake tu ya mauzo, kamisheni K ni hivi:

K = 0.02m, m ikiwa kati ya 0 na 5,000,000
K = 100,000 + 0.04(m − 5,000,000), m ikizidi 5,000,000 hadi 12,000,000
K = 380,000 + 0.07(m − 12,000,000), m ikizidi 12,000,000

Wengi huteleza kwenye ile 100,000 na ile 380,000. Hizo ni fedha zilizokwisha kupatikana katika madaraja ya chini: 2% ya milioni 5 ni 100,000, 4% ya milioni 7 zinazofuata ni 280,000, jumla 380,000. Ukizisahau, aliyeuza milioni 12 na shilingi moja atalipwa senti saba. Jedwali la PAYE (kodi ya mshahara) la URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, lililoanza Julai 2012 limejengwa vivyo hivyo: 25,000 jumlisha 30% ya kinachozidi 410,000, na hiyo 25,000 ni kodi ya madaraja ya chini: 10% ya laki moja pamoja na 20% ya 75,000.

Kagua kila mpaka kutoka pande zote mbili. Weka 12,000,000 katika kipande cha pili, kisha katika cha tatu. Vyote vitoe 380,000. Visipolingana, ama umekosea hesabu, ama mmekubaliana ule mtindo mwingine, ambapo ukivuka mpaka asilimia mpya inashika mauzo yote. Huo mtindo una mruko: milioni 12 kamili inalipa 480,000, shilingi moja juu yake inalipa 840,000. Kwa 360,000 hizo, usishangae tarehe 30 risiti zikiandikwa kwa mteja ambaye mzigo wake utarudi tarehe 3. Mimi nisingeuweka dukani kwangu.

Kwenye Excel, mauzo yakiwa seli A2, kosa la kawaida ni mpangilio wa IF, yaani maswali ya "kama". Ukianza kuuliza A2>5000000 kabla ya A2>12000000, milioni 15 inanaswa na swali la kwanza na muuzaji anapata 500,000 badala ya 590,000. Programu haitoi onyo lolote. Uliza daraja la juu kwanza, au achana na IF kabisa:

=0.02*A2+0.02*MAX(0,A2-5000000)+0.03*MAX(0,A2-12000000)

MAX huchukua namba kubwa kati ya mbili, na hapa kila MAX inaongeza tofauti ya asilimia tu: kutoka 2 kwenda 4 ni 2, kutoka 4 kwenda 7 ni 3. Usiweke koma ndani ya tarakimu, maana Excel itadhani unatenganisha vitu viwili.

Halafu m yenyewe ni nini? Risiti ya 11,800,000 yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% ni mauzo ya 10,000,000. Ukiacha VAT ndani, kamisheni inakuwa 372,000, ukiitoa, 300,000. Kuitoa ni kugawanya kwa 1.18. Anayekata 18% kutoka juu anapata 9,676,000, na hapo muuzaji kaibiwa bila mwizi.

Mzigo unaorudi ndio mgumu zaidi. Tuseme Machi aliuza milioni 13 akalipwa 450,000, kisha Aprili bidhaa za milioni 2 zikarudi. Ukizitoa kwenye mauzo ya Aprili yaliyokuwa milioni 4, unamkata 40,000 tu, kwa sababu yuko daraja la 2%. Ukirudi kuihesabu Machi kwa milioni 11, alistahili 340,000, yaani anadaiwa 110,000. Mkataba useme wazi kwamba mwezi wa mauzo ndio unaohesabiwa upya, na useme pia mwisho wa kudai ni lini, la sivyo mtu atakatwa Desemba kwa mabati ya Machi.

Mwajiriwa akumbuke pia kwamba kamisheni ni sehemu ya mapato ya ajira. Mshahara wa 300,000 na kamisheni ya 590,000 ni 890,000, na kwa jedwali lile PAYE yake ni 25,000 + 0.3 × 480,000, yaani 169,000. Kwa hiyo katika daraja la juu, ile 7% inabaki 4.9% mfukoni, kabla hata NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haijachukua yake.