Glavu za nguzoni kwa sisi wenye viganja vya maji

Wateja wanaonijia kushonesha kaptula za mazoezi ya nguzo, yale ya kupanda na kujipinda kwenye bomba la chuma lililosimikwa, wana swali moja wanaloliweka mwisho, pesa zishalipwa na mkono uko kwenye kitasa cha mlango: "Fundi, na hizi glavu za kunata, zafaa kweli?" Wanauliza kwa sauti ya chini, maana glavu hazina sifa nzuri madarasani. Ukizivaa hukosi mmoja wa kukwambia unajidekeza, ati kiganja kizoee chuma, ngozi iote sugu, basi.

Mimi nazivaa. Nazivaa kwa sababu ya jasho, wala sioni haya. Ila zina mahali pake, na mahali penyewe ni padogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Ni mzaliwa wa Mombasa, cherehani yangu iko Nairobi, na viganja vyangu vinatoka maji tangu utotoni. Daftari zangu za shule zilikuwa zimejikunja pembeni pale mkono unapolala. Kwenye ushoni hilo ni balaa, hasa ikija satini nyeupe ya bibi harusi, maana tone la jasho likikauka juu ya satini huacha ukingo ambao pasi haiuondoi. Kwa hiyo mezani pangu hapakosi mkebe wa poda, na begani hapakosi kitambaa cha pamba. Nikimaliza mshono mrefu nafuta, napaka poda, naendelea. Mgeni akinipa mkono namtolea kifundo cha mkono, naye hudhani nilikuwa nakanda unga.

Nguzo niliijia kikazi. Mwalimu mmoja aliniletea kaptula iliyofumuka katikati ya mapaja, akitaka nyingine za namna ile ile kwa ajili ya wanafunzi wake. Nikaitazama ilivyo fupi, nikamshauri tuiteremshe kidogo. Akacheka: "Dada, kitambaa kikishuka, na mimi nashuka." Ndipo akanieleza. Nguzoni kinachokushikilia ni ngozi: nyuma ya goti, ndani ya paja, kwapa, kiwiko, ubavu. Kitambaa kikiingia katikati unateleza. Nilikwenda siku moja kuangalia mishono yangu inavyohimili, nikabaki. Ada tulielewana tangu hapo, mimi namshonea, yeye ananifundisha.

Mama alipopata habari alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Nikamwambia darasa ni la wanawake peke yao. Nikamtumia na video ya mallakhamb, mchezo wa Maharashtra kule India, vijana wanapanda mti uliochongwa ukasimikwa ardhini, wanajipinda juu yake mpaka unaona kizunguzungu kwa niaba yao. Alichokishika mama ni kimoja tu, kwamba ule mti wao hupakwa mafuta ya mbarika ili mwili upite bila kuchubuka. "Wenzenu wanaipaka mafuta, nyinyi mnatafuta gundi," akasema. Tangu siku hiyo akinipigia huuliza kwanza, "Hujaanguka?"

Na swali lake ni la haki. Mkwezi wa minazi hukata vidato, akapata pa kutia mguu. Nguzo yetu ni bomba la chuma lililong'arishwa, unene wa milimita 45 kwa nyingi za siku hizi, 50 kwa zile za zamani, halina kidato wala fundo. Ukiliegemeza uzito wako wote kwenye kiganja kilicholowa, utalijua mapema.

Jasho la kiganja nalo lina tabia yake. Mwili mzima hutoka jasho kwa joto, lakini kiganja na unyayo hutoka zaidi kwa wasiwasi. Ndiyo maana mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na baridi ya kuvalia sweta, mwalimu akishasema "leo tunapinduka" mimi mikono inachuruzika. Wenzangu wenye ngozi kavu wana shida ya kinyume msimu huo huo. Nguzo iliyopakwa kromu ikiwa baridi haishiki, basi utawaona wameikumbatia na kuisugua kwa mapaja ipate joto kabla ya somo. Wao wanataka unyevu kidogo, mimi nautafuta ukavu, na tunagombea nguzo moja.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Dawa za mikono ni za aina mbili. Kuna zinazokausha, mfano chaki ya maji, ambayo ni unga wa magnesiamu kaboneti ndani ya alkoholi. Unajipaka, alkoholi inaruka, unga unabaki. Na kuna zinazonata, ambazo zinamfaa mwenye ngozi kavu. Mwenye jasho akijipaka ya kunata juu ya maji, dawa inaelea tu. Ya kukausha inanifaa, ila kwangu haidumu. Napanda, nazunguka mara moja, nikishuka unga umegeuka uji. Na kila ukishuka lazima uifute nguzo kwa kitambaa chenye spiriti, la sivyo anayefuata anaukuta uji wako.

Ndipo nikanunua glavu.

Niliposhika jozi ya kwanza niliitazama kwa jicho la fundi kabla ya jicho la mwanamazoezi. Mgongo wa glavu ni kitambaa cha kuvutika, vidole vimekatwa katikati, na kwenye kifundo pana mkanda wa velkro. Kazi yote iko kiganjani. Pameshonewa vipande vya kitu laini mithili ya ngozi, chenye kunata kidogo ukikigusa kwa kidole, na kinanata zaidi kikishapata joto. Vipande haviungani. Kati ya kinundu cha chini ya vidole na kile cha kidole gumba wameacha njia, ili mkono ukikunjwa pasiwe na mkunjo. Aliyechora kile kiolezo anajua kazi. Mkunjo mmoja mdogo chini ya vidole, ukishaubebesha uzito wa mtu mzima, unabana ngozi na kuinua lengelenge kabla somo halijafika nusu. Ndiyo maana glavu haitakiwi kuwa ya nafasi. Ivae ikubane, fumbata ngumi, fungua, kisha vuta kiganja kwa vidole vya mkono wa pili. Kikisogea, rudisha dukani.

Na kuna jozi zisizo na vile vipande, kiganja kinashika kidogo tu. Watu huziona dhaifu wakaziacha. Zina kazi yake, nitaifikia.

Mabadiliko niliyoyahisi hayakuwa kiganjani, yalikuwa kwenye kigasha. Mwenye mkono unaoteleza hukaza kupita kiasi bila kujua. Nilikuwa nikitoka darasani mkasi haushikiki, maumivu yameniganda upande wa ndani wa kiwiko, pale kano za kukunja vidole zinapoanzia. Kwa fundi hilo si jambo la kupuuza, kiwiko kikigoma hakuna kula. Glavu ziliniruhusu nishike kwa nguvu inayotosha, nisikabe. Wanaosema glavu hudhoofisha mkono huwa wana mikono mikavu. Mimi nguvu ya kushika ninayo, naijenga kila siku kwa mkasi wa chuma na jeans. Nilichokosa ni ukavu.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji hawauandiki.

Nguzo hufungwa kwa namna mbili, ama imetulia, ama inazunguka yenyewe. Kwenye inayozunguka, glavu ya kunata ni raha. Unaishika, unatulia, nguzo inakuzungusha. Kwenye iliyotulia ni wewe unayezunguka, na kiganja lazima kiteleze kidogo kidogo kuifuata njia ya mwili. Glavu ya kunata inakataa. Mwili umeshaondoka, mkono umebaki, na kinachojisokota katikati ni kifundo na bega. Nimeona mwenzangu akizunguka kwa glavu zile kwenye nguzo iliyotulia, kiganja kikagoma, akasimama ghafla hewani na kuteremka ameshika bega. Hapo ndipo zile glavu zisizo na vipande zinapofaa, au chaki, au mkono mtupu uliofutwa vizuri. Mwalimu wangu ana sheria yake kuhusu hili, na mimi naifuata: kabla ya kuvaa, sukuma nguzo ujue imefungwa vipi.

Jingine, glavu inashika kiganja, mwili uliobaki haiujui. Nikishuka Mombasa kaskazi ikiwa imekolea, Januari au Februari, rafiki yangu ana nguzo sebuleni kwake Nyali. Ile hewa unaijua mwenyewe, shati linalowa ukiwa umeketi. Glavu zangu zinashika barabara, lakini paja linateleza na nyuma ya goti inateleza, na ukipinduka ndizo hizo zinazokubeba. Kule tunafanya mambo ya chini chini, karibu na godoro, feni ikielekezwa kwenye nguzo. Yake ni ya shaba ya manjano, ambayo kwa sisi wa joto inashika kuliko kromu, na bado haitoshi mchana. Tunangoja baada ya magharibi.

Na mafuta ya nazi, jamani. Sisi watoto wa pwani tumelelewa nayo, ukitoka kuoga hujajipaka unajihisi uko uchi. Siku ya nguzo yaache kabisa, tangu asubuhi. Hata kiganjani yanaharibu, kwa kuwa mafuta hupenya mpaka kwenye vile vipande vya kunata, na yakishaingia hayatoki. Losheni ndiyo hivyo hivyo. Pete na bangili vua, zinakwangua nguzo na kukata glavu.

Wenye mzio wa nikeli pia huniuliza kama glavu zitawaokoa. Chini ya kromu mara nyingi mna nikeli, na kiganja kitakingika ndiyo, lakini paja litaota vipele vile vile. Wamuulize mwalimu kama ana nguzo ya chuma kisichoshika kutu. Na mwenye jasho la kupindukia, la kuloweka karatasi ya mtihani, amwone daktari wa ngozi kabla ya kununua glavu. Kuna dawa za aluminiamu kloridi za kupaka usiku, kuna na mashine ya kutumbukiza mikono majini ipitishwe umeme hafifu. Hilo ni la daktari, si la fundi wala mwalimu wa mazoezi.

Ukipanga kushindana, uliza mapema kuhusu kanuni, kwani mashindano mengine huenda yasizikubali. Mimi sina mpango huo, na umri wangu nao hauna.

Namna ninavyozitumia sasa: naanza somo mikono mitupu, napasha mwili, nafanya mizunguko ya nguzo tuli nikiwa bado nimetulia. Ikifika zamu ya kupanda juu au kupinduka kwenye nguzo inayozunguka, mikono ishaanza kuchuruzika, nafuta na kuvaa. Nikishuka navua, sikai nazo. Ukikaa nazo zinalowa kwa ndani, na glavu iliyolowa ndani inacheza mkononi.

Utunzaji ni mwepesi. Vumbi na nyuzi ndio adui, na kwenye duka la cherehani nyuzi zimo mpaka ndani ya chai, kwa hiyo zangu zinakaa kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba. Kiganja kikipungua kunata nakipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Zikinuka, nafua kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, naanika kivulini. Juani mpira unakauka na kupasuka.

Wengi mnataka kujua kama naweza kuzishona, niwauzie kwa bei ya nyumbani. Nilifumua jozi yangu iliyochakaa, mshono kwa mshono, nikachukua kiolezo. Mgongo nauweza, velkro naiweza, hata ile njia ya kiganjani naikata bila shida. Kinachokosekana ni kile kipande cha kunata. Nilijaribu mpira wa tyubu ya baiskeli. Mkono ukiwa mkavu unashika ajabu, tone la kwanza la jasho linautelezesha, na juu ya hayo uliacha michirizi myeusi kwenye kromu mpaka mwalimu akanipa spiriti na kitambaa, akaenda zake. Nikajaribu na lile zulia la vitone linalowekwa chini ya busati lisisogee, nililipata Eastleigh. Vitone vilichubuka kikao kile kile.

Kwa hiyo glavu agizeni, kaptula njooni kwangu. Na velkro ikichoka, maana ndiyo huchoka kabla ya kiganja, usizitupe. Niletee, naibadilisha ukiwa umeketi hapo hapo. Ila njoo na glavu zote mbili, na ziwe zimefuliwa.