Jumla ya kilo na bei ya mwisho kwenye kweri moja

Huku Pemba hesabu za vikundi vingi vya mwani bado ziko kwenye daftari, na daftari likishahamia kwenye kompyuta swali la kwanza mweka hazina atakalokuuliza ni hili: kila mwanachama kashaleta kilo ngapi, na mara ya mwisho kauza kwa bei gani? Kwa mdomo ni swali moja, kwenye SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ni mawili, na watu wanakwama hapa kwa sababu wanalazimisha yote yaingie kwenye GROUP BY moja, amri ya kukusanya rekodi za kila mtu pamoja.

Chukua mfano, mwanachama namba 7 kapima kotonii, aina ya mwani, kilo 60 Januari kwa shilingi 1,500, Februari 45 kwa 1,800, Machi 30 kwa 1,600. Jumla 135, bei ya mwisho 1,600. Sasa mtu anaandika SUM(kilo), MAX(tarehe), MAX(bei), kweri (lile swali la SQL) inakubali, bas anaona kazi ishakwisha. Tarehe itakuja ya Machi kweli ila bei itakuja 1,800 ya Februari, maana MAX haijui ipi ya mwisho, inajua ipi kubwa tu. Ukiiacha bei peke yake bila MAX, programu ya hifadhidata ya PostgreSQL inakukatalia hapohapo, MySQL kuanzia 5.7 nayo inakataa kama hujagusa mipangilio yake, ila zile za zamani zilikuwa zinakupa bei yoyote ziliyoikuta wala hazisemi kitu. Mie bora ile inayokataa.

Na hii ni pesa ya mama anaeshuka pwani maji yakitoka, jamani. Ukizidisha 135 kwa bei ya mwisho unapata 216,000 wakati haki yake ni 219,000, kwa hivo zidisha kila mzigo kwa bei yake kwanza ndo ujumlishe.

Mie nafanya hivi, tebo ya mapimo naiita mizani, kila mzigo rekodi yake:

WITH jumla AS (
  SELECT mtu_id, SUM(kilo) AS kilo, SUM(kilo*bei) AS pesa
  FROM mizani GROUP BY mtu_id),
mwisho AS (
  SELECT mtu_id, bei, ROW_NUMBER() OVER
  (PARTITION BY mtu_id ORDER BY tarehe DESC, id DESC) AS nafasi
  FROM mizani)
SELECT j.mtu_id, j.kilo, j.pesa, m.bei
FROM jumla j JOIN mwisho m
ON m.mtu_id = j.mtu_id AND m.nafasi = 1;

ROW_NUMBER inaipa namba kila rekodi ya mtu kuanzia ya karibuni, ndo nafasi = 1 ni bei ya mwisho. Ile id DESC usiitoe, mtu anaweza kupima mara mbili siku moja. Kama kikundi kina kotonii na spinosam, aina nyengine ya mwani, ongeza aina kwenye SELECT zote, kwenye GROUP BY, kwenye PARTITION BY na kwenye ile ON, bei zao haziko sawa. MySQL iwe 8.0 au zaidi, SQLite 3.25, chini ya hapo ROW_NUMBER haimo.

Jambo jengine, tebo ya malipo usiiunge na mizani kabla hujajumlisha. Namba 7 ana rekodi tatu za mizani, akiwa kalipwa mara mbili rekodi zinakuwa sita na zile kilo 135 zinakuja 270, na kuigundua ni kazi kwa sababu namba yenyewe inafanana na ya kweli. Jumlisha malipo peke yake kwanza, alaf unga.

Wakitaka jumla ya mwezi huu tu, WHERE ya tarehe iweke ndani ya jumla, ndani ya mwisho usiiweke, maana ambae mwezi huu hajapima bado ana bei yake ya mwezi uliopita, na anzia kwenye tebo ya wanachama, jumla na mwisho zote uziunge nayo kwa LEFT JOIN, ili jina lake lisipotee kwenye orodha.