Aliyelala rumande na aliyevaa joho

Mabishano ya kesi kwenye baraza za Mkunguni, hapa Lamu, humalizwa kwa kauli mbili. Mmoja husema, "Mimi nimelala rumande, najua." Mwengine, mtu wa sheria, hujibu, "Mimi ndiyo kazi yangu." Wote wawili husikizwa kama watu wasio na upande. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata akiwa na shahada.

Tazama dhamana tu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kutoka kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuilia. Tuseme hakimu ameandika bondi, yaani ahadi ya kulipa akikosa kufika kortini, ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho. Kwenye faili, mambo yamekwisha. Lakini mdhamini huulizwa mali, na mara nyingi ni hati miliki ya ardhi au logbuku ya gari. Mji huu ni wa miguu, punda na mashua. Logbuku itatoka wapi? Na familia nyingi kaunti hii zimekaa juu ya ardhi vizazi na vizazi bila hati. Basi kijana "aliyepewa dhamana" analala ndani. Muulize hakimu, atakwambia dhamana hutoa. Muulize kijana, atakwambia maskini hapewi. Hakuna muongo hapo. Ila hakimu hakumuona mamake kijana akizunguka mtaani kutafuta hati ya kuazima, na kijana hajui kwamba angeweza kuomba masharti yapunguzwe, au alipe pesa taslimu ambazo hurudishwa kesi ikiisha, mradi hakukosa kufika kortini.

Kazi nayo huchuja. Wakili huwaona wenye cha kumlipa. Mwendesha mashtaka huona yaliyokwisha kupita kwa polisi. Kadhi huletewa ndoa zilizoshindikana. Zile walizozisuluhisha wazee nyumbani hazimfikii, kisha mtu anamuuliza yeye hali ya ndoa siku hizi!

Sheria yenyewe haitosheki na ujuzi. Jaji akiombwa ajiondoe kwenye kesi, swali si kama moyoni anajiona mwadilifu. Huulizwa kama mtu mwenye busara, anayeijua hali yote, angeingiwa na shaka.

Anayetaka kupima aende kortini, vikao vingi viko wazi kwa umma. Daftari lenye safu nne latosha: shtaka, tarehe aliyojibu shtaka, limeahirishwa mara ngapi, sababu ni nini. Wengi hukosea kwa kwenda siku ya hukumu peke yake, wakakosa zile asubuhi za kesi kutajwa tu na kusukumwa mbele kwa sababu shahidi hakufika au faili haionekani. Kaa wiki mbili.

Kisha rudi barazani, uwaulize wale wawili swali moja: kesi ngapi mumezifuata toka mwanzo hadi hukumu, ambazo hazikuwahusu kwa ndewe wala sikio?