"Late" si kuchelewa peke yake

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri nililetewa barua ya rambirambi, kurasa mbili tu. Ndani yake mlikuwa na maneno "the late chairman's wife". Nikaandika "mke wa mwenyekiti aliyechelewa". Barua ilikwishasambazwa ndipo mjane mwenyewe akanipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, mzee alichelewa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile "late" silipiti hivi hivi.

Kwanza natazama limekaa wapi. Likija baada ya kitenzi, "the chairman is late", mwenyekiti yuko njiani, atafika (ingawa kusini mwa Afrika wapo wanaosema "he is late" wakimaanisha amefariki). Likitanguliwa na "the" na kufuatwa na mtu, huyo ni marehemu. Zamani neno hili lilimaanisha mzito, mwenye kwenda polepole. Maana ya kifo ililifuata baadaye.

Panaponitisha hadi leo ni hapa: "the late chairman's wife" na "the chairman's late wife". Neno limesogea hatua moja tu, na aliyekufa ni mwingine! Ya kwanza ni mke wa marehemu mwenyekiti, ya pili ni marehemu mke wa mwenyekiti. Ukikosea hapo umemzika mtu aliye hai. Huwa nazisoma sentensi za namna hiyo kwa sauti, mara mbili, kabla sijagusa kibodi.

Halafu kuna "late Beethoven". Alifariki mwaka 1827, lakini bila "the" maneno hayo hayazungumzii kifo chake, yanazungumzia muziki alioutunga miaka yake ya mwisho. Vivyo hivyo "the late 1990s" ni mwishoni mwa miaka ya 1990.

Waingereza hulitumia "the late" kwa aliyefariki karibuni, ambaye pengo lake bado linaonekana. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, hawamwiti hivyo. Sisi "marehemu" tumelipata kwa Waarabu, na ndani yake mna rehema: aliyerehemiwa. Ukilitamka umemwombea mtu. Nadhani ndicho alichokikosa yule mama katika barua yangu.

Niliichapa upya usiku uleule, nikampelekea mwenyewe: "mjane wa marehemu mwenyekiti". Akaisoma yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akaikunja na kuitia ndani ya msahafu wake.